Wivu Una Honi: Mnada wa Gari la Kijani

Tulikiacha kidole gumba cha Mzee Breki kikining'inia juu ya simu, kama unene wa ukucha kutoka kwenye kitufe cha "Pandisha Dau". Na honi tuliiacha ikilia getini. Mliokaa wiki nzima roho juu, zishusheni sasa.

Kidole hakikubonyeza. Kiliganda.

Honi ile Mzee Breki angeitambua hata akiwa kaburini. Haikulia piii kama honi za watu. Ilikohoa kwanza, kama mgeni rasmi anayetaka kuanza hotuba, kisha ikaimba: pa-paaa-pa! Ilikuwa honi ya mwanyumba wake, mume wa mdogo wa mkewe, mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Glavu. Alikuwa akipeleka maharusi kwa gari lake la kizamani, jeupe kama maziwa, naye kwenye usukani amevaa glavu nyeupe mikono yote miwili.

"Mikono yote miwili!" Mzee Breki alizoea kumwambia mkewe. "Huyo anaendesha gari au anapasua mgonjwa?"

Alisukuma simu chini ya mto wa kochi, akaikalia.

Na wewe unayepiga hodi leo kwa mara ya kwanza, ingia haraka, nitasema mara moja tu. Mzee Breki alifundisha watu udereva mpaka akastaafu, na maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kiti cha kushoto, mguu juu ya ile breki ya pili ya mwalimu. Hata leo akikasirika hukanyaga sakafu. Binti yake wa pekee anaolewa Jumamosi. Mbele ya wakwe, chai ikiwa bado mezani, mzee huyu aliapa: mwanangu atapelekwa na gari la baba yake, la kizamani, la zamani kuliko lile la nanihii.

Gari hilo hana. Amelitolea macho kwenye mnada wa mtandaoni: la kijani, limeviringana kama bakuli lililofunikwa, kutu kidogo hapa na pale, linahitaji mkono wa fundi na rangi. Mnada unafungwa leo saa kumi alasiri.

Na kisa cha yote ni sentensi moja. Binti huyo akiwa mdogo alipanda gari alilokuwa nalo Bwana Glavu wakati ule, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi, akasema, "Baba mdogo, nikiolewa unipeleke wewe." Watu wazima walipiga makofi. Mzee Breki naye alipiga. Lakini ile sentensi ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na mpaka leo hajaumeza wala hajautema.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwanyumba. Karibu, ingawa naona umeshafika katikati ya sebule."

Bwana Glavu alikaa, akavua glavu kidole kimoja kimoja, akazilaza mezani kama watoto wachanga. Mkewe, fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa shingoni, alipita moja kwa moja jikoni kwa dada yake.

"Nina neno moja tu," alisema Bwana Glavu. "Jumamosi. Gari lipo, nimelifanyia sevisi, maua mke wangu ameshayashona. Sitaki chochote. Ni mtoto wetu."

"Wetu," alirudia Mzee Breki. Neno dogo, lakini lilimwingia kama mchanga jichoni. "Mtoto wangu ana gari."

"Gari gani?"

"La baba yake."

"Lile lenye L nyekundu nyuma? Lile ambalo wanafunzi wako wamelibamiza mpaka halina pande mbili zinazofanana?"

"Nina jingine. Linakuja. La zamani kuliko lako. Lako mbele yake ni kitoto."

Ti-riii! ilisema simu chini ya makalio.

"Mwanyumba," alisema Bwana Glavu, "kochi lako linalia."

"Ni tumbo."

Si tumbo. Ilikuwa ni taarifa kwamba amepitwa, na bila kutazama Mzee Breki alijua na aliyempita. Kwa wiki kadhaa kulikuwa na mtu mmoja tu kwenye mnada ule aliyemkosesha usingizi, mtu aliyejiita Mama Chuma. Akipandisha yeye, Mama Chuma anapandisha. Akitia juu, anatiwa juu zaidi. Walikuwa wameshaanza hata kutukanana kwenye ule uwanja wa maoni chini ya picha.

"Nisamehe, naenda msalani."

Alijifungia. Akabonyeza kwa jina lake la mnadani, Simba wa Gia. Dau likapanda.

Ti-riii! kililia kitu jikoni.

"Lo! Mshenzi huyu!" ilisikika sauti ya mkewe.

Ameungua na sufuria, Mzee Breki aliwaza, akarudi kuikalia simu yake.

"Hilo gari," Bwana Glavu aliendelea, maana ana tabia ya kushika uzi, "umeliona kwa macho?"

"Nimeliona. Picha kumi na mbili."

"Picha si macho. Umelala chini yake?"

"Nilale chini ya gari na umri huu?"

"Mimi nililala chini ya langu mpaka mwenye nyumba akaja kunigusa kwa mti, alidhani nimekufa. Nilifunga sumaku kwenye kitambaa nikaipitisha bodi nzima. Palipo na chuma inang'ang'ania. Ikidondoka, ujue chini ya rangi hakuna chuma, kuna dongo la kuzibia kutu. Umemwambia akurekodie injini ikiwashwa asubuhi, ikiwa baridi? Na namba ya chesisi, umeilinganisha na ya kwenye kadi ya gari?"

"Muuzaji yuko safarini. Ni daktari wa meli."

"Wauzaji wa magari mazuri kupita kiasi wote huwa safarini, mwanyumba."

Mzee Breki alikanyaga sakafu. "Sema tu! Sema umeona nakuzidi, roho inakuuma! Mwaka mzima umetupitishia hilo bakuli lako jeupe hapa mlangoni, pa-paaa-pa, pa-paaa-pa, mpaka mbwa wa jirani ameshajifunza wimbo. Leo mwenzio anapata lake, unamletea maswali ya polisi!"

Ti-riii! lilisema kochi.

Mzee Breki alichomoa simu nusu, akabonyeza kwa kificho.

Ti-riii! ilijibu jikoni.

Bwana Glavu alitazama kochi. Akatazama mlango wa jikoni. "Hapa ndani mnafuga vyura? Mmoja akilia huku, mwingine anaitika kule."

Taratibu Mzee Breki aliitoa simu yote hadharani, akabonyeza tena.

Ti-riii!

"Huyu Simba wa Gia leo nitamla nyama!" mkewe alipiga kelele jikoni. "Subiri, mdogo wangu, shika mwiko, nibonyeze!"

Bwana Glavu, mwenye akili zake, alisimama. Alizivaa glavu haraka kuliko alivyozivua. "Mke wangu, twende. Bibi harusi tumemwacha nyumbani amevaa gauni lenye pini, asije akakaa."

Honi ilikohoa, ikaimba, ikatokomea mtaani. Wakabaki wawili, yeye sebuleni ameshika simu, mkewe mlangoni pa jikoni ameshika yake.

"Wewe ndiye Simba wa Gia?"

"Na wewe ndiye Mama Chuma?"

"Uliniandikia nirudi jikoni!"

"Kwani ulikuwa wapi?"

"Jikoni!"

"Basi nilikosea nini? Na wewe uliniandikia mbele ya watu kwamba mimi ni kikongwe mwenye mkono wa birika!"

"Kuna uongo hapo?"

Mzee Breki alikaa chini kwa kishindo. "Mama, lakini kwa nini? Kwa nini ukapigana na mumeo?"

"Nilijua ni mume wangu? Nilidhani ni libaba fulani limekaa mahali na kitambi chake."

"Na gari ulilitakia nini?"

Mkewe alicheka kicheko kisicho na furaha. "Unadhani wivu umeusajili kwa jina lako peke yako? Yule ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni, nilimfuta kamasi. Leo ananipita hapo barabarani, kioo kimeshushwa, ananipungia vidole viwili kama malkia, na mimi nimeshika ndoo ya nguo. Nilitaka Ijumaa nikuwekee funguo mkononi, halafu nimwite aje kuazima chumvi. Chumvi tu. Aone."

Hapo Mzee Breki alimpenda mkewe kuliko siku aliyomuoa.

Kisha hesabu ilimjia kichwani, akasahau mapenzi. Gari lilianza mnadani na bei ya baiskeli nzuri. Waliolipandisha mpaka hapo lilipofika ni mke na mume, ukuta mmoja katikati, kila mmoja akimlaani mwenzake na baadaye kumwambia usiku mwema.

"Saa ngapi?" mkewe aliuliza ghafla.

Walizikimbilia simu. Wamechelewa! Herufi nyekundu zilikuwa zimeshajipanga: MNADA UMEFUNGWA. MSHINDI: ZEGE.

"Zege ni nani?" alinong'ona mkewe.

"Simjui. Lakini namchukia."

Walikaa kwenye kochi kama waliofiwa. Chai ilipoa. Mzee Breki alimwona Bwana Glavu mbele ya macho yake, anamfungulia binti mlango, anainama, mkono mmoja mgongoni. Alikanyaga sakafu mara tatu, hakuna kilichosimama.

Ti-riii! Ti-riii!

Simu zote mbili. Kwa pamoja.

"Muuzaji ameniandikia!" alisema mke.

"Mimi pia!"

"Soma yako."

"'Mteja wangu wa pekee,'" alisoma Mzee Breki, "'tangu mwanzo roho yangu ilikuchagua wewe...'"

"'...wewe,'" mkewe aliendelea kwenye simu yake, bila kukosea hata pumzi. "'Zege ameshindwa kulipa. Gari ni lako kwa dau lako la mwisho. Usipitie tena kwenye mnada, wale watatukata ada. Tuma moja kwa moja kwangu...'"

"'...kabla ya jua kuzama,'" akamalizia mume. "'Usimwambie mtu. Kuna mwanamke mmoja king'ang'anizi ananisumbua sana.'"

"Yangu inasema kuna mzee mmoja king'ang'anizi."

"King'ang'anizi!" walisema wote wawili, kila mmoja akimwonea uchungu mwenzake.

Mkewe ndiye aliyepata fahamu kwanza. "Gari moja, wapenzi wawili, na kila mmoja kaambiwa ni wa pekee. Baba, mchezo huu sisi wanawake tunaujua tangu zamani. Sikujua umefika mpaka kwenye magari."

"Labda amechanganyikiwa tu. Mtu wa melini..."

"Ngoja tumpime." Alianza kuandika huku akisoma kwa sauti. "'Daktari, niko tayari kutuma sasa hivi. Naomba kitu kidogo. Yule uliyemwachia gari aandike jina langu kwenye karatasi, aiweke juu ya boneti, anipigie picha.' Haya. Kwa mwenye gari hilo ni jambo la kunywa maji."

Jibu lilikuja upesi. Si picha. "Kumbe huna imani. Mimi ni mtu wa heshima. Nitampa yule mwingine."

"Yule mwingine ni huyu hapa, nimekaa naye kochi moja," aliandika mkewe.

Sura ya daktari wa meli ilitoweka kwenye simu zote mbili, kama mshumaa uliopulizwa. Walipojaribu kumwandikia tena, hakuwepo tena mtu wa kuandikiwa.

Wamepona! Ndiyo, msomaji, shusha pumzi. Hawakutuma kitu. Kama wasingekuwa na wivu kiasi cha kupigana wao kwa wao, mmoja wao angekuwa ametuma. Wivu uliowatia shimoni ndio uliowashikia kamba. Lakini msiushukuru mapema.

Maana mkewe alikuwa bado anazitazama zile picha. Alivuta moja kwa vidole viwili, akaikuza, akaikuza tena. Kile kifuniko cha gurudumu, kinachong'aa kama kioo, kilikuwa kimenasa aliyepiga picha. Mwanamke. Mfupi, mnene kidogo. Shingoni ana futi ya kupimia.

"Baba. Njoo umwone daktari wa meli."

Mzee Breki aliinama. Akainuka. "Huyo ni mdogo wako!"

"Ndiye."

"Nilijua! Nilijua tangu zamani! Bwana Glavu ndiye mwizi! Ananivuta kwa picha, ananiibia, halafu anakuja kunikalia sebuleni na maswali ya sumaku!"

"Nyamaza kwanza. Mwizi angekuja kukuuliza kama umeona chesisi? Hili ni gari lao wenyewe, kabla hawajalipaka rangi. Kumbe lilikuwa kijani. Mdogo wangu anaweka mtandaoni kila kitu, namba ya chesisi, geti lao, hata jino lake lililong'oka aliliweka. Kuna mtu ameziokota picha zake, akazitia kwenye mnada."

"Mbona mimi sijawahi kuliona likiwa kijani?"

"Ungelionea wapi? Kila nikikuambia twende tukaone wanavyolitengeneza, una mafua. Mwaka ule wote ulikuwa na mafua, na mimi nikabaki kukuuguza."

Mzee Breki aliikuza picha tena, akaitazama. Kwa hiyo gari aliloliota, alilolitolea jasho chooni, alilolipangia hata mahali pa kulaza chini ya turubai, ndilo lile lile. Hata ndotoni mwake, mwenye funguo ni yule yule.

"Vaa koti," alisema mkewe.

"Tunakwenda wapi?"

"Kuomba. Nitamwambia mdogo wangu tumelikubali gari, na wewe utamwambia mwanyumba wako. Kwa mdomo wako."

"Bora mtoto aende kwa miguu."

"Sikiliza." Mkewe alishusha sauti, na akishusha sauti ndiyo hatari. "Amelia mara mbili wiki hii. Gari halimshughulishi. Mnaomshughulisha ni nyinyi wawili, baba yake na baba yake mdogo, mnanuniana mpaka kwenye picha zake. Anataka aingie katikati yenu, mmoja kulia, mmoja kushoto, mnacheka. Basi. Ukimnyima hilo, atakusamehe kwa mdomo, lakini moyoni utakuwa umeshashuka kituo."

Mzee Breki alivaa koti.

Njiani aliyafanyia mazoezi maneno. "Mwanyumba, nimefikiria." Hapana. "Mwanyumba, lile gari langu limechelewa." Hapana. "Mwanyumba, tafadhali." Hilo la mwisho alilijaribu mara mbili, likamwasha kama pilipili, lakini lilitoka. Walipokaribia, mkewe alikata kona kupitia mlango wa nyuma ili amwahi mdogo wake jikoni. Mzee Breki alizunguka peke yake kwa mbele, kwenye geti la buluu lenye kibao MAGARI YA HARUSI, PIGA HODI.

Geti lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na lori lenye winchi.

Nyuma ya lori, gari jeupe. Mbele ya gari jeupe, Bwana Glavu amekumbatia boneti kama mama anayenyang'anywa mtoto. Na mbele ya Bwana Glavu, mwanamke wa miraba minne, buti za kazini miguuni, kofia ngumu ya mjengo kichwani. Juu ya kofia, kwa rangi nyeusi, iliandikwa neno moja.

ZEGE.

"Nimelinunua!" mwanamke yule alikuwa akifoka. "Mimi ni mkandarasi, sinunui kitu bila karatasi! Namba ya chesisi hii hapa kwenye karatasi, na hii hapa kwenye gari lako, soma mwenyewe! Muuzaji ameniambia liko uani kwa mpwa wake, geti la buluu, kibao cha harusi! Nililipa saa kumi na dakika moja!"

"Mama, umetapeliwa! Gari ni langu, sina mjomba yeyote melini!"

"Kadi yako iko wapi?"

Bwana Glavu aliyumba. "Kadi ina jina la marehemu. Niliuziwa na mjane wake. Nilikuwa niende kubadilisha, wiki hii, wiki ijayo..."

"Marehemu! Mjane! Na mimi nimenunua gari la kijani, nakuta jeupe! Umelipaka rangi kunificha!" Alimgeukia dereva wa winchi. "Funga mnyororo. Linakwenda kituoni. Likalale uani kwa polisi mpaka wajue ni la nani, hata kama ni mwezi mzima."

"Jumamosi kuna harusi!" Bwana Glavu alilia. Alilia kweli, machozi. Ndipo macho yake yalipomwona aliyesimama getini. "Mwanyumba! Mungu mkubwa! Mama, huyu ni ndugu yangu, mwalimu wa udereva, nusu ya madereva wa mji huu wamepita mkononi mwake. Muulize yeye!"

Mkandarasi alimtazama Mzee Breki kuanzia viatu mpaka mvi. Hasira yake ilipungua kidogo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeibiwa ambaye bado hajaamini.

"Mzee, shikamoo. Nikuulize moja tu, na nitakuamini. Mwenzio anasema gari hili lilikuwa kijani hapa hapa uani, na yeye ndiye aliyelipaka. Ukiniambia uliliona, naliachia, tunakwenda polisi mimi na yeye kwa miguu yetu kumtafuta huyo muuzaji. Uliliona?"

Dereva wa winchi alisimama, mnyororo mkononi.

Mzee Breki alikuwa anajua kila kitu. Alijua picha zimeibwa, alijua nani aliyezipiga, alijua daktari wa meli ni tapeli na ametoroka vipi. Lakini kuyasema ilibidi aanze na lile moja: nilitapeliwa na mimi. Mbele ya yule mtu. Mbele ya glavu zile.

Alilitafuta lile "tafadhali" alilotoka nalo njiani. Kooni akakuta mwiba.

"Likiwa kijani?" alisema. "Kwa macho yangu haya? Hapana. Sijawahi kuliona."

Bwana Glavu alimtazama, kisha mikono yake ikaachia boneti, yenyewe, kidole kimoja kimoja.

Winchi ilinguruma. Mnyororo ulikaza. Magurudumu ya mbele yaliacha ardhi, na lile gari jeupe lililompita mlangoni mwake mwaka mzima lilipandishwa pua juu, likiyumba, maua ya Jumamosi yakidondoka moja moja kwenye vumbi.

Mlango wa nyumba ulifunguliwa kwa nguvu. Binti yake alitokea barazani, gauni lina pini kila upande, viatu hana, ameliona lori, amemwona baba yake mdogo amepiga magoti. Nyuma yake, mama yake, mkono mdomoni.

Binti hakukimbilia gari. Alikuwa akimtazama Mzee Breki usoni, na alichokiona kilimfanya asogee nyuma hatua moja.

"Baba," alisema. "Mbona unacheka?"